Woody Strode na Wenzake Wasiotajwa

Mwaka 1960 John Ford alitoa picha iitwayo Sergeant Rutledge. Kisa chote kinamhusu sajenti mweusi wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi wa jeshi la Marekani, aliyesingiziwa kumbaka na kumuua binti wa mkuu wake wa kambi, na kumuua mkuu mwenyewe. Jina la picha ni jina la sajenti huyo. Anayemwigiza ni Woody Strode, mtu wa miraba minne, na hakuna anayekaa kwenye macho ya mtazamaji kama yeye. Lakini majina yanapoanza kupita, la kwanza ni Jeffrey Hunter, anayeigiza wakili wake. La pili ni Constance Towers, shahidi wake. Sajenti anasubiri nyuma yao katika picha yenye jina lake.

Niliendesha mashine za sinema mjini Tanga kabla video hazijatufikia, na kazi ile humfunza mtu kusoma majina. Majina yanapopita, watu chini bado wanatafuta viti, wanaitana gizani, wanapigiana miluzi. Fundi yuko juu kwenye chumba chake chenye joto, anasogeza makaa ili mwanga uwe mweupe, jicho lake liko kwenye tundu la ukutani. Kila onyesho anaanza na majina yale yale. Baada ya siku chache anajua nani katangulizwa, nani kafuata, na nani kawekwa kwenye kundi la mwisho linalopita upesi mno hata halisomeki. Tanga wakati huo ilikuwa na Majestic, Regal na Novelty. Picha za Kihindi zilijaza kina mama na watoto. Za kikauboi zilikuwa za vijana wa Ngamiani, waliojua stelingi ni yupi kabla hajashuka kwenye farasi. Stelingi alikuwa mzungu siku zote. Hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa sote tuliamini Magharibi ya Marekani ndivyo ilivyokuwa.

Haikuwa hivyo, na nimetumia miaka ya uzee wangu kusoma ilivyokuwa.

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Texas ilikuwa jimbo la watumwa. Sensa ya 1860 ilihesabu zaidi ya 180,000. Wengi walilima pamba, lakini wengine walichunga ng'ombe, na mabwana walipokwenda vitani kundi lilibaki mikononi mwa hao wachungaji. Vita vilipokwisha na tangazo la uhuru kusomwa Texas tarehe 19 Juni 1865, ng'ombe walikuwa wametapakaa nyikani kwa mamilioni. Pale Texas ng'ombe mmoja hakuzidi dola chache, ilhali katika miji ya kaskazini aliweza kufikia dola 40. Ndipo safari za kuswaga ng'ombe zilipoanza, mamia ya maili hadi kwenye reli ya Abilene, Kansas. Walioifahamu kazi hiyo ni waliokuwa wakiifanya jana yake. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika kila makauboi wanne, mmoja alikuwa mweusi. Na kazi yenyewe, kuanzia kamba ya kitanzi, tandiko lenye pembe mbele, hadi ngozi za kukinga miguu na miiba, ilikuwa kazi ya wachungaji wa Mexico, waliokuwa Texas wakati ilipokuwa bado nchi yao.

Watu hao wana majina. Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa Mississippi, aliswaga ng'ombe pamoja na mfugaji Charles Goodnight, na Goodnight alimwamini hata fedha za safari zikawa zinakaa kwake. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, mzee wa zaidi ya miaka tisini wakati huo, aliagiza jiwe la kaburi lake huko Weatherford. Bass Reeves, naye mzaliwa wa utumwani, aliapishwa mwaka 1875 kuwa naibu wa mkuu wa polisi wa serikali kuu katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamata watu, akazihifadhi kichwani, kisha akapanda farasi na kwenda kuwatafuta, mmoja baada ya mwingine. Alifanya kazi hiyo hadi 1907. Na Bill Pickett wa Texas, aliyezaliwa 1870, alibuni mchezo wa kumrukia maksai kutoka juu ya farasi anayekimbia, kumshika pembe na kumng'ata mdomo wa juu hadi alale chini. Mchezo huo bado unachezwa kwenye mashindano ya rodeo, ingawa kung'ata kumeachwa.

Basi walipotelea wapi katika picha?

Jibu langu linaanzia kwenye uwanja wa maonyesho, kabla ya sinema kuwapo. Mwaka 1883 William Cody, Buffalo Bill, alianzisha onyesho lake la kuzunguka, lenye farasi, bunduki na gari la abiria linaloshambuliwa na wenyeji asilia. Mwaka 1885 alimwajiri Sitting Bull mwenyewe, kiongozi wa Walakota, apite mbele ya watazamaji wanaomzomea. Onyesho lilifika London mwaka 1887, mbele ya Malkia Victoria. Katika uwanja ule mambo yaligeuzwa juu chini: watu waliovamiwa ardhi yao wakawa wavamizi, na wavamizi wakawa watu wa kuokolewa. Sinema ilipozaliwa iliukuta mchezo huo ukiwa tayari, ikauchukua wote. Hata picha ya mwaka 1903 inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo za aina hii, The Great Train Robbery, dakika kama 12 tu, ilipigwa zaidi New Jersey, mbali kabisa na Magharibi yenyewe.

Kulikuwa na dirisha dogo. Katika miaka ya 1910 Lillian St. Cyr, mwanamke wa Waho-Chunk aliyejulikana kwa jina la Red Wing, aliigiza nafasi kuu katika picha kadhaa, ikiwamo The Squaw Man ya Cecil B. DeMille, 1914. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Norman ilimpiga picha Bill Pickett mwenyewe katika The Bull-Dogger, kisha ikatoa The Crimson Skull, iliyohusishwa na mji wa watu weusi wa Boley, Oklahoma. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwimbaji Herb Jeffries alipanda farasi katika Harlem on the Prairie na nyingine zilizofuata, kati ya 1937 na 1939. Alitaka watoto weusi wapate kauboi wao. Picha hizo zilionyeshwa katika majumba ya watu weusi, kwa kuwa Marekani ya wakati ule ilitenga hata viti vya sinema. Studio kubwa hazikuhitaji kuzipinga. Zilizipita tu, kwa fedha na kwa usambazaji, na picha zilizotufikia sisi ng'ambo zilikuwa za studio kubwa.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa The Searchers ya Ford, 1956, picha ambayo wahakiki wengi huiweka juu kabisa ya aina yake. John Wayne ni Ethan Edwards, askari wa zamani wa jeshi la Kusini, anayemtafuta kwa miaka mpwa wake aliyetekwa na Wakomanchi. Ilitokana na riwaya ya Alan LeMay ya 1954, na watafiti humtaja Britt Johnson kuwa mmoja wa watu ambao maisha yao yaliingia katika kisa hicho. Johnson alikuwa mweusi wa Texas. Oktoba 1864 Wakomanchi na Wakiowa walivamia bonde la Elm Creek. Mwanawe akauawa, mkewe na watoto wakachukuliwa mateka. Johnson aliwafuata. Alikwenda kwenye kambi, akaongea, akajadiliana, na mwaka uliofuata mkewe na watoto wakarudi. Mwaka 1871 aliuawa njiani akiendesha magari ya mizigo.

Tazama kilichobadilika. Mtu mweusi aliyerudisha jamaa zake kwa mazungumzo amekuwa mzungu aliyepigania utumwa, anayetaka kuwaua aliowafuata, na kwa muda mrefu anataka kumuua hata mpwa wake kwa kuwa amekaa nao. Ford alikuwa fundi mkubwa. Chuki ya Ethan ameionyesha kuwa ugonjwa, sikatai, na sehemu ya uzuri wa picha iko hapo. Lakini yule aliyefunga safari ya kweli hayumo, hata kwa kivuli. Na Scar, kiongozi wa Wakomanchi, anaigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, huku Wanavajo wa Monument Valley, wenyeji wa bonde lile, wakivalishwa kuwa Wakomanchi na kuangushwa kwenye farasi kwa ujira wa siku.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi: wenyeji asilia wajaze nyuma, mzungu aliyepakwa rangi asimame mbele. Rock Hudson alikuwa Taza mwaka 1954, mwaka ule ule Burt Lancaster akawa shujaa wa Waapache katika Apache. Mwaka 1962 Chuck Connors, mwenye macho ya buluu, akawa Geronimo. Sababu haikuwa uhaba wa waigizaji. Jay Silverheels alikuwepo. Alikuwa Mmohawk kutoka Ontario, Kanada, na dunia nzima ilimjua kama Tonto, mwenzake shujaa wa televisheni Lone Ranger, anayepewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika ilhali yeye alikisema vizuri. Mwaka 1950 katika Broken Arrow, picha iliyosifiwa kwa kuwaonea huruma Waapache, Cochise, kiongozi mwenye hekima anayekubali amani, alipewa Jeff Chandler wa Brooklyn, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo. Silverheels naye alipewa Geronimo, anayeikataa amani na kuondoka. Yaani mwenyeji mwema aliigizwa na mzungu, na mwenyeji mbaya akaachiwa mwenyeji. Binti anayeolewa na mzungu katika picha hiyo, akiigizwa na Debra Paget, anauawa kabla ya mwisho. Wakati huo kanuni za maadili za Hollywood, zilizotiwa nguvu mwaka 1934, zilikataza mapenzi ya mweusi na mzungu. Mwanamke mwenyeji aliruhusiwa kupendwa, ila mara nyingi mwandishi alihakikisha hafiki kwenye uzee.

Wamexico walikuwa majambazi au walevi, kiasi kwamba mwaka 1922 serikali ya Mexico ilipiga marufuku picha za kampuni zilizowadhalilisha watu wake. Wachina walikuwa wapishi na wafua nguo. Maelfu yao ndio walioipasua Sierra Nevada kupitisha reli iliyokamilika Utah tarehe 10 Mei 1869. Wachina 28 waliuawa na wachimba makaa ya mawe wazungu huko Rock Springs, Wyoming, Septemba 1885. Sikuwahi kupitisha mashineni mkanda hata mmoja uliosimulia habari ya Rock Springs. Katy Jurado wa Mexico namtaja kwa heshima: katika High Noon, 1952, yeye ndiye mwanamke mwenye biashara, mwenye akili, na anayeuona uoga wa mji ule kabla ya wote.

Narudi kwa Strode, maana bila yeye nisingeandika habari hizi.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914. Katika chuo cha UCLA alicheza mpira wa Kimarekani pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1946 yeye na Washington walijiunga na Los Angeles Rams, wakawa wa kwanza kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia weusi milango ya ligi kuu tangu miaka ya 1930. Kisha sinema. Alikuwa mfalme wa Ethiopia katika The Ten Commandments, mpiganaji Draba katika Spartacus. Mwaka 1961 Ford alimfanya Mkomanchi katika Two Rode Together, na mwaka 1966 akamfanya Mmongolia katika 7 Women. Mtu mmoja alitosha kuwa kila asiye mzungu. Vijana wetu walimpenda wasijue jina lake. Walisema “yule jamaa mweusi mwenye misuli”, na walipomwona walinyamaza.

Picha niliyoitazama sana kupitia tundu langu ni The Man Who Shot Liberty Valance ya Ford, 1962. Strode ni Pompey, mtumishi wa Tom Doniphon, yaani John Wayne. Kuna darasa la watu wazima ambamo Pompey anasimama kuelezea tangazo la uhuru wa Marekani, na anapofika kwenye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa, ulimi unakwama. Anasema ameyasahau. Mwalimu anamwambia wengi huyasahau. Baadaye Doniphon analewa, anaichoma nyumba yake akiwa ndani, na Pompey ndiye anayeingia motoni kumtoa. Hata risasi iliyomuua jambazi Valance ilitoka kwenye bunduki ambayo Pompey alimrushia bwana wake gizani. Katika mji ule mwalimu anakuwa seneta na gazeti linapata kisa chake. Pompey anazeeka akilinda jeneza la Doniphon, na seneta anapomshika mkono anamwachia fedha. Sijui kama Ford alikusudia tuone yote hayo, lakini aliyaweka pale, na mtu anayeitazama picha kila jioni huyaona.

Italia ndiyo iliyompa Strode uzito mwingine. Mwaka 1968 Sergio Leone alimweka mwanzoni mwa Once Upon a Time in the West, mmoja wa watu watatu wanaosubiri treni. Tone la maji linamwangukia kwenye kofia. Halifuti, anakunywa maji yaliyokusanyika ukingoni. Hasemi kitu, na anakufa mapema. Mwaka huo huo Valerio Zurlini alimpa nafasi ya kwanza katika Seduto alla sua destra: kiongozi wa Kiafrika aitwaye Maurice Lalubi, anayekamatwa, anayeteswa na kuuawa. Hakuna Mwafrika aliyehitaji kuelezwa kwamba ni Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hiyo si picha ya kikauboi. Lakini ilichukua mtu aliyezoeshwa kusimama nyuma ya John Wayne, ikampa kifo ambacho sisi wenyewe tulikililia.

Na Kongo ilikuwa na habari zake na makauboi. Katika miaka ya 1950, Wabelgiji wakiwachagulia Waafrika picha za kutazama, vijana wa Léopoldville, leo Kinshasa, walijitwalia Buffalo Bill. Walijiita Mabill, wakafunga vitambaa shingoni, wakavaa jinzi, wakatunga lugha yao ya mitaani ndani ya Kilingala. Watawala waliwaona wahuni wanaowaiga wazungu. Mimi naona vijana waliochukua kofia na farasi bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyewaambia kwamba watu wenye ngozi kama yao walishavaa kofia hizo Texas miaka 80 nyuma. Walijivalia kwa imani tu.

Ikaja 1972. Sidney Poitier aliongoza picha yake ya kwanza, Buck and the Preacher, akiwa na Harry Belafonte na Ruby Dee. Afrika Mashariki iliwajua wanaume hao wawili kwa zaidi ya sinema. Mwaka 1959, wao pamoja na Jackie Robinson, yule mwenzake Strode wa UCLA, walitia saini barua ya kuomba michango ili Tom Mboya wa Kenya awasafirishe wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani, na ndege ya kwanza iliondoka Septemba mwaka huo na wanafunzi 81. Mwaka 1965 Belafonte alitoa santuri pamoja na Miriam Makeba, na Malaika imo. Picha yao inawahusu watu walioachwa huru wanaohama Louisiana kwenda magharibi na kuwindwa na wazungu wanaotaka warudi mashambani. Uhamaji huo ulitokea kweli. Nicodemus, mji walioujenga Kansas mwaka 1877, bado upo. Kuna mahali Buck anakwenda kwa mkuu wa wenyeji kuomba njia, chakula na bunduki. Njia na chakula anapata kwa malipo. Bunduki ananyimwa, kwa kuwa wenyeji wanazihitaji zote. Hapo kwa mara ya kwanza niliona watu wawili walioonewa wakizungumza biashara ngumu bila mzungu katikati. Na ilikuwa haki wanyimane kidogo: vikosi vya weusi vilivyoundwa 1866, pamoja na hicho cha 9 cha Sajenti Rutledge, vilitumwa kuwapiga wenyeji asilia kwa niaba ya serikali ile ile.

Lakini majina nilisoma. Mkuu wa wenyeji ni Enrique Lucero, mwigizaji wa Mexico. Mwanamke anayemtafsiria ni Julie Robinson, mzungu wa New York, mkewe Belafonte wakati huo. Naipenda sana picha hiyo, na kwa kuipenda nasema wazi: waliojua uchungu wa kuondolewa katika kisa chao wenyewe waliwaondoa wengine. Silverheels wakati huo alikuwa Los Angeles akiwafundisha vijana wenyeji uigizaji katika warsha aliyosaidia kuianzisha miaka ya 1960. Waigizaji walikuwepo hata safari hii. Mwaka uliotangulia Chief Dan George, mwenyeji asilia wa Kanada, aliteuliwa kuwania Oscar kwa Little Big Man.

Mambo yamesogea. Bass Reeves alipata tamthilia yake ya televisheni mwaka 2023. Posse ya 1993 ilimpa Strode mzee, mwaka mmoja kabla hajafa, kazi ya kusimulia habari za makauboi weusi kwa sauti yake. Na mwaka 2021, huko Window Rock, makao makuu ya Taifa la Wanavajo, ilionyeshwa A Fistful of Dollars ya Leone ikisema Kinavajo tangu mwanzo hadi mwisho. Clint Eastwood, majambazi, mtengeneza majeneza, wote wamepewa sauti na Wanavajo, watu ambao Ford aliwalipa kwa siku waanguke kwenye farasi. Sisi jambo hilo tunalielewa haraka: wasimulizi wa filamu, Lufufu hapa Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya, wamewatia Kiswahili mastaa wa kila nchi, na mabanda yakajaa. Basi namwomba DJ Afro, au kijana yeyote mwenye sauti na kipaza sauti, aichukue Buck and the Preacher aiseme kwa Kiswahili, na anapofika kwa mkuu wa wenyeji asikimbie kwenda kwenye risasi. Ayasimulie yale mabishano ya bunduki neno kwa neno.